Upepo wa Tairi: Kwa Nini Dereva Hodari wa Tope Huzama Kwenye Mchanga

Hebu tuanze na fumbo. Chukua dereva wa Isongole, wilayani Ileje, mtu aliyekulia kwenye barabara za udongo mwekundu na ambaye masika hayamtishi. Kabla lami ya Mpemba hadi Isongole haijafika, kilomita zile 50 hivi alizipita kwa Landrova mvua ikinyesha, utelezi kila kona, na abiria wakasali huku yeye akipiga stori. Sasa mpe gari lilelile kiangazi, mteremshe upande wa pili wa Mkoa wa Songwe, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, umwambie avuke korongo lililokauka. Anaweka fowili, anakanyaga mafuta kama alivyozoea, na baada ya mita chache gari limelala kwa tumbo. Magurudumu yanazunguka hewani kama feni.

Dereva ni yuleyule na gari ni lilelile. Kimebadilika nini?

Jibu la haraka utakalolipata kijiweni ni kwamba fowili imekufa, au gari halina nguvu. Jibu la kweli lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapahapa kwetu. Nataka tuifuate, kwa sababu mwisho wake utakuta kitu ambacho wengi wetu hatukukitarajia: baadhi ya magari yaliyoweka rekodi kubwa kabisa za kuvuka jangwa hayakuwa na fowili hata kidogo.

Kwanza, mchanga si tope

Tope ni udongo uliochanganyika na maji. Juu kunateleza, lakini chini, sentimita kumi au ishirini, mara nyingi kuna udongo mgumu. Dereva wa Ileje anajua hilo bila kufundishwa darasani. Anataka tairi jembamba lenye meno makubwa, lijae upepo vizuri, likate tope na kufika kwenye ugumu. Likiteleza, anaongeza mafuta kidogo ili meno yajisafishe. Kwa tope, kuchimba kunaweza kukuokoa.

Mchanga mkavu ni kitu kingine. Punje zake hazijashikana. Kinachozuia punje moja isiteleze juu ya nyingine ni msuguano tu, na msuguano huo unategemea punje zimebanwa kiasi gani. Ukizikandamiza taratibu, zinakazana na kukubeba. Ukizisukuma kwa ghafla, zinakimbia. Kwenye mchanga mkavu wa kina hakuna ugumu unaokusubiri pale chini. Ukichimba unapata mchanga, ukichimba tena unapata mchanga mwingine. Kwa hiyo ujuzi uleule unaomtoa mtu topeni ndio unaomzika kwenye korongo. Huku unatakiwa kuelea.

Ngamia analijua hilo. Mguu wake ni mpana, laini, na unatanuka akikanyaga. Sisi binadamu wenye magari tulichukua miaka mingi kujifunza alichozaliwa nacho.

Gari lililoanzia Dar es Salaam

Gari la kwanza kuvuka bara la Afrika kutoka pwani hadi pwani lilianza safari Dar es Salaam. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa jeshi la Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka mjini na gari lililotengenezwa maalumu Gaggenau, Ujerumani, lililoinuliwa juu ili lipite kwenye visiki na mawe. Alipita Tanganyika, akaingia iliyokuwa Rhodesia Kaskazini, yaani Zambia ya leo, akashuka hadi Johannesburg, kisha akageukia magharibi kuvuka Kalahari. Alifika Swakopmund, kwenye bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Hesabu mwenyewe: karibu miezi 21.

Kwa nini muda wote huo? Injini ilikuwa na nguvu za kutosha kwa zama zake. Tatizo lilikuwa pale gurudumu linapokutana na ardhi. Magurudumu ya magari ya wakati ule yalikuwa membamba, matairi yalijazwa upepo mpaka yakawa magumu kama mbao, na ni magurudumu mawili tu yaliyovuta. Kwenye mito na mchanga, gari hilo mara nyingi lilitembea kwa nguvu ambayo vitabu havipendi kuihesabu: watu na kamba. Petroli yenyewe ilitangulizwa na kuwekwa akiba njiani, na eneo kubwa la safari halikuwa na reli wala barabara, kwa hiyo mzigo ulikwenda mabegani mwa wapagazi. Ukisoma kwamba Graetz "aliendesha" kuvuka Afrika, kumbuka na hao waliovuta. Majina yao hayakuandikwa.

Na usidhani eneo letu lilikuwa halina njia kabla ya hapo. Ng'ambo ya Isongole, upande wa Malawi, kuna mji wa Chitipa, uliokuwa ukiitwa Fort Hill. Maeneo hayo yalipitiwa na mpango wa miaka ya 1880 wa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ule ulioitwa Stevenson Road. Jina lilikuwa la barabara, ila kazi kubwa ilifanywa na miguu ya watu. Mguu wa binadamu una akili: ukihisi mchanga unazama, unabadilisha mwendo. Gurudumu halina akili hiyo. Inabidi dereva awe nayo.

Mwanajeshi aliyepima mchanga

Sasa twende Misri, miaka ya 1920. Ralph Bagnold alikuwa mhandisi katika jeshi la Uingereza. Wenzake wakienda likizo, yeye na marafiki zake walipanda Ford Model T na kuingia jangwani: Sinai, Siwa, na baadaye, kuanzia 1929, kwenye bahari ya mchanga ya jangwa la Libya, mahali ambapo watu wengi waliamini gari haliwezi kwenda. Mwaka 1932 safari yao ilifika mbali zaidi, hadi mipaka ya Sudan.

Walijifunza kwa kukwama. Waligundua kwamba ukipunguza upepo wa tairi, gari linapita mahali ambapo dakika tano zilizopita lilikuwa limezama. Waligundua kwamba vipande virefu vya chuma vyenye kingo, vikiwekwa mbele ya magurudumu yaliyozama, vinalipa tairi sakafu ya muda. Rejeta ilipochemka, hawakuuacha mvuke upotee. Waliufunga mpira kuupeleka kwenye debe lenye maji, ukapoa, ukarudi kuwa maji. Na kwa kuwa dira ya sumaku inachanganyikiwa na chuma cha gari, Bagnold alitengeneza dira inayotumia kivuli cha jua.

Wengi wangeishia hapo na kusimulia vituko. Bagnold yeye alikuwa na swali lililomsumbua: kwa nini upande mmoja wa kilima cha mchanga unalibeba gari, na upande wa pili unalimeza? Aliporudi Uingereza alijenga handaki dogo la upepo katika chuo cha Imperial, London, akapuliza mchanga ndani yake na kupima. Matokeo aliyatoa mwaka 1941 katika kitabu cha fizikia ya mchanga unaopeperushwa, ambacho watafiti wanakitumia hadi leo, wakiwemo wanaochunguza vilima vya mchanga vya sayari ya Mars.

Jibu lake, kwa lugha yetu ya kawaida, ni hili. Upande ambao upepo unakuja, punje zinapigwa na punje nyingine muda wote, zinapangika na kukazana. Gari linapita. Upande wa pili, punje zinamwagika tu kutoka juu na kulala zilivyoanguka, kwenye mteremko wa nyuzi 33 au 34 hivi, ambao ndio mwinuko wa juu kabisa mchanga mkavu unaoweza kusimama. Hapo punje ziko legelege na gari linamezwa. Kwa macho, rangi ni ileile. Ndiyo maana ramani pekee haitoshi. Unatakiwa kujua upepo wa eneo unatoka wapi.

Halafu vita ikaja. Oktoba 1939 Bagnold alikuwa njiani kupelekwa Kenya, meli yake ikagongana na nyingine kwenye bahari ya Mediterania, abiria wakashushwa Misri. Ajali hiyo ilimrudisha kwenye jangwa alilolijua kuliko ofisa mwingine yeyote wa upande wake. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha kupenya jangwani, LRDG, kikianza na wanajeshi kutoka New Zealand. Kikosi hicho kilizunguka maelfu ya kilomita nyuma ya mistari ya Waitaliano na Wajerumani.

Na hapa ndipo fumbo letu linapoanza kufunguka. Malori ya Chevrolet waliyoyategemea zaidi yalivuta kwa magurudumu mawili tu. Walipewa pia malori ya Ford yanayovuta kwa magurudumu manne. Yalikuwa mazito na yalikunywa petroli nyingi mno, na jangwani petroli ndiyo maisha. Mwaka 1942 walirudi kwenye Chevrolet za magurudumu mawili.

Hesabu ya tairi

Usiogope, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chukua gari la tani 2.4 likiwa na mzigo. Kila tairi linabeba kilo 600, yaani nguvu ya nyutoni 6,000 hivi. Tairi halikai juu ya ardhi kwa nukta moja. Linakaa juu ya kiraka, na ukubwa wa kiraka hicho unakaribiana na uzito ukigawanya kwa upepo uliomo ndani.

Fundi pancha amekujazia upepo wa 35, ambao ni kama nyutoni 24 kwa kila sentimita ya mraba. Gawa 6,000 kwa 24: unapata sentimita za mraba 250, kama nusu ya ukurasa wa daftari kubwa. Sasa shusha hadi 15, ambao ni kama nyutoni 10 kwa sentimita ya mraba. Kiraka kinafika 600 hivi, yaani zaidi ya mara mbili. Gari halijapungua hata kilo moja, ila mchanga unalihisi kama limepungua zaidi ya nusu.

(Hesabu hii ni ya makadirio, maana kuta za tairi nazo zinabeba kidogo. Lakini mwelekeo ni huohuo.)

Watu wengi hudhani tairi lililopunguzwa upepo linatanuka kwa upana. Ukilitazama vizuri utaona linarefuka zaidi kuliko linavyotanuka. Kiraka kinakuwa kirefu kama wayo. Hilo lina faida ya pili: tairi halizami sana, kwa hiyo halisukumi rundo la mchanga mbele yake. Gurudumu lililozama kila wakati linapanda mlima uliojengwa na gurudumu lenyewe. Hata ukienda mita mia, mlima unakwenda na wewe.

Basi fowili ina kazi gani?

Inayo kazi, tena kubwa. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, magurudumu yote manne yanasukuma mchanga, lakini ni uzito ulio juu ya mawili tu unaosaidia kusonga. Ya mbele yanaburutwa kama jembe. Ukiweka fowili, uzito wote wa gari unageuka kuwa mshiko, na magurudumu ya mbele yanajaribu kupanda badala ya kuchimba.

Ila fowili haiongezi ukubwa wa kiraka wala haifanyi mchanga kuwa mgumu. Matairi yakiwa yamejaa upepo wa lami, fowili inakupa magurudumu manne ya kuchimbia badala ya mawili. Ndiyo maana mwenye Land Cruiser, ile wenyewe wanaiita mkonga, anaweza kukwama kwenye korongo huku pikapu ya kizamani iliyopunguzwa upepo ikimpita. Na kama difu haina loki, gurudumu lisilo na mshiko ndilo linalokula nguvu yote ya ekseli hiyo, lile lenye mshiko linabaki linatazama.

Historia ya gari la fowili kwa raia wa kawaida ni fupi kuliko unavyofikiri. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Toyota walianza na jipu lao mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaja 1954. Yaani kizazi cha babu zetu kilipita barabara za nchi hii kwa malori yasiyo na fowili, na kilifika.

Tunduma, 1965

Hapa ndipo historia inapogonga hodi nyumbani. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu kujitawala, ilipata mafuta yake kupitia Rhodesia. Kabla Desemba haijaisha, njia hiyo ilikuwa imefungwa. Nchi nzima, pamoja na migodi ya shaba, ikabaki inategemea ndege zilizobeba mapipa na barabara moja ya vumbi kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, zaidi ya kilomita 1,500.

Madereva waliingia. Walibeba mapipa ya mafuta kwenda, wakarudi na shaba. Magazeti ya Kiingereza yaliipa barabara hiyo jina la mbio za jehanamu, na halikuwa jina la utani. Masika lilikuwa tope. Kiangazi lilikuwa vumbi laini linaloficha mashimo, na malori yaliyopishana hayakuonana. Magari yalipinduka, mafuta yaliwaka, watu walikufa. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na washirika wa Italia, waliunda kampuni ya usafirishaji ya pamoja yenye malori ya Fiat. Bomba la TAZAMA lilikamilika 1968, lami ya barabara kuu ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kati ya 1965 na 1968, kilichoiweka Zambia hai kwa sehemu kubwa ni ujuzi wa madereva na mautingo. Walijua mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama kabisa. Walijua kukata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, kazi ileile ya vyuma vya Bagnold. Tofauti ni kwamba Bagnold aliandika vitabu, akaingizwa kwenye chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza mwaka 1944. Utingo aliyetandika matawi kwenye mlima wa Tunduma hakuulizwa na mtu. Kama una babu aliyeendesha njia hiyo, muulize mwaka huu, usingoje mwaka ujao.

Wanaofanya hivi kila Ijumaa

Ukitaka kuona ujuzi huu ukiwa hai, uliza ndugu zetu wa Oman. Waswahili wengi waliotoka Zanzibar na bara, baada ya 1964 na hasa baada ya 1970, walikwenda nchi ambayo wakati huo ilikuwa na kilomita chache tu za lami. Mkoa wa Sharqiya, ambako Kiswahili bado kinasikika sebuleni, unapakana na bahari ya mchanga. Kule Bidiyah, kabla ya kuingia mchangani, gari linasimama kwa fundi wa tairi, upepo unapunguzwa, safari inaendelea. Likitoka, linajazwa tena. Ni kawaida kama kuvua viatu mlangoni.

Hiyo ya kujaza tena siyo mapambo. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami linajikunja mara nyingi kila sekunde, linapata joto, na linaweza kupasuka. Kama huna pampu ya kujazia, fikiri mara mbili kabla ya kupunguza.

Ukikutana na korongo

Shuka kwanza, tembea kwa mguu. Ukizama mpaka kifundo, gari litazama zaidi. Punguza upepo kabla ya kuingia, siyo baada ya kukwama. Weka fowili ukiwa bado kwenye ugumu. Ingia na mwendo wa wastani usiobadilika, usikate kona kali, usifunge breki kwa nguvu, maana breki inajenga ukuta wa mchanga mbele ya tairi. Kama unaweza kuchagua, vuka alfajiri: unyevu kidogo unaziunganisha punje, ndiyo maana mtoto hujenga nyumba kwa mchanga mbichi.

Na likianza kuzama, toa mguu kwenye mafuta. Hapo ndipo dereva wa tope anaposhindwa, kwa sababu mwili wake wote unamwambia aongeze. Sekunde tano za kukanyaga zinaweza kukugharimu saa tatu za chepe. Ondoa mchanga nyuma ya kila gurudumu, punguza upepo zaidi, tandika matawi au mbao, kisha rudi nyuma kwa njia uliyojia, ambayo tayari umeikandamiza.

Haya si mambo ya watalii peke yao. Korongo halichagui. Gari la chanjo, gari la mitihani, gari la kumkimbiza mama mjamzito hospitali ya wilaya, yote yanapita kwenye mchanga uleule, na mara nyingi mwenye kuyaendesha alifundishwa fowili inavyowekwa, hakufundishwa upepo unavyopunguzwa.

Ukitaka kuthibitisha bila kwenda jangwani, fanya jaribio hili. Paki gari mahali pa usawa, zungushia unga au chaki pale tairi linapogusa sakafu, sogeza gari, pima alama iliyobaki. Punguza upepo nusu, rudia, kisha jaza tena. Zidisha eneo la alama kwa kipimo cha upepo kila mara, ulinganishe majibu mawili. Yakikaribiana, umepima uzito ulio juu ya gurudumu moja kwa rula tu.